Tena, Ndugu Yangu

Fundi viatu alikuwa na miaka hamsini na sita alipoanza kujifunza kupigana. Kila siku ya mazoezi, kabla hajatoka nyumbani, alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu mambo mawili: asimuumize mtu, na goti lake la kushoto lisimwaibishe mbele za watu. Ombi la kwanza lilijibiwa upesi. La pili lilikuwa bado linashughulikiwa.

Mazoezi yalifanyika jioni katika ukumbi wa shule, viti vikiwa vimesukumwa ukutani. Jumatatu ilikuwa ngumi, Jumatano judo, na Ijumaa ilikuwa arnis, mapigano ya Kifilipino, ya fimbo na visu. Mwalimu wao, mama mfupi aliyeacha ndondi baada ya pua yake kuvunjika mara ya tatu, hakupenda mtu ategemee mtindo mmoja. "Ngumi ikishindwa, mkamate umwangushe," aliwaambia. "Ukishindwa kumwangusha, fimbo. Fimbo ikishindwa, kimbia, na hilo nalo tutalifanyia mazoezi."

Kwenye ngumi, fundi alikuwa gunia. Kwenye judo alikuwa gunia lililodondoka. Lakini siku aliyopewa fimbo ya henzerani, vijana walinyamaza wakamtazama. Miaka thelathini ya kupigilia misumari midogo kwenye soli ilikuwa imemjengea kifundo cha mkono ambacho wao hawakuwa nacho. Mapigo ya arnis yana namba: ya kwanza inashuka upande huu wa kichwa, ya pili upande ule, na kuendelea, mpaka ya tano, ambayo ni mchomo wa tumbo. Fundi alizikariri akiwa kazini, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali. Mara nyingine alikuwa anasali kweli, zikachanganyika.

Zoezi la kumpokonya mtu kisu alilifanya na Korongo, mlinzi wa benki, mrefu kupita milango mingi. Korongo anachoma ya tano kwa kisu cha mpira. Fundi anakwepa kando, kiganja cha kushoto kinausukuma mkono, cha kulia kinaudaka, anauzungusha, kisu kinamtoka Korongo na kubaki kwa fundi. Kisha, kwa kuwa kisu kilikuwa kimoja na zamu zilikuwa nyingi, fundi anakigeuza, mpini mbele, kama alivyolelewa, na kumrudishia mwenzake.

"Tena, ndugu yangu."

Mwalimu alimwona siku moja akaja. "Mzee, nani kakufundisha kumpa adui kisu?"

"Si adui, mwalimu. Ni Korongo."

Ukumbi mzima ulicheka, na Korongo zaidi ya wote. Mwalimu hakucheka. "Mkono haujui tofauti," alisema. "Ukipokonya, rudi nyuma nacho au kitupe mbali." Walifanya hivyo mara mbili tatu. Halafu ikawa kazi ya kukimbizana na kisu chini ya viti, na kila mtu akarudia mtindo wa zamani.

Kilichompeleka fundi ukumbini ni binti yake.

Mara ya kwanza binti alirudi nyumbani na begi na mdomo uliovimba. Alisema ni mlango. Mara ya pili alirudi na begi lile lile na mkono usioweza kushika kikombe, na hakusema ni nini. Mara zote mbili mumewe alifuata baada ya siku chache, shati limepigwa pasi, akiwa na mjomba wake. Alipiga magoti, akalia machozi ya kweli. Fundi aliwashikanisha mikono wote, akaomba, na baada ya amina alilinyanyua begi la binti yake, akaugeuza mshikio kuelekea kwa mkwe ili asipate taabu ya kulipokea. "Mpeleke mkeo nyumbani, mwanangu."

Mara ya tatu binti alikuja bila begi. Alipovua mtandio, fundi aliona shingoni alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Alibaki ameshika fremu ya mlango. Alitaka kusema jina la Mungu na hakulipata.

"Safari hii," alisema, "hakuna wa kukutoa hapa."

Binti alimtazama kama mtu anavyoitazama saa iliyokwisha kumchelewesha. "Haya, baba," alisema, akaenda kunawa.

Lile "haya" lilimnyima usingizi wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akajiandikisha ukumbini.

Nyumbani alihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi, na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu. Binti alishika mwiko wa jikoni badala ya kisu, akachoma. Baba akapokonya, akarudisha. "Tena, mwanangu." Baada ya siku kadhaa binti alisema na yeye anataka zamu.

"Wewe kazi yako kushika mwiko."

"Nimeushika vya kutosha, baba. Choma."

Fundi alichoma ya tano. Mwiko ukamtoka hata hajaelewa umepitia wapi, ukaruka ukatua kwenye beseni la vyombo, povu likamrukia usoni.

"Sasa urudishe, tuendelee."

"Ufuate."

Na kila mara ikawa hivyo. Yeye alirudisha, binti aliutupa kwenye beseni. Fundi alinung'unika kwamba kwa mtindo huo watamaliza sabuni ya nyumba nzima, lakini moyoni alifurahi, kwa sababu binti alikuwa ameanza kucheka.

Mkwe alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja: meza ya kazi, cherehani dirishani, beseni la kulowekea ngozi sakafuni, na stuli moja ya wateja. Kwenye stuli alikaa muuguzi akisubiri kisigino, mguu mmoja na kiatu, mwingine umelazwa juu ya gazeti. Binti alikuwa kwenye cherehani akishona mkanda wa mkoba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mdomo wa fundi ulijibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Mkwe alikuwa karani wa stoo, mtu wa sauti ya chini, asiyepita mbele ya mkubwa bila kuinama. "Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Haendi."

"Baba, tusivunjiane heshima mbele ya wageni. Haya tumeyaongea mara mbili na yakaisha."

"Hayakuisha," alisema binti bila kugeuka. Cherehani haikusimama.

Mkwe alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesahihishwa hesabu. "Vaa viatu," alimwambia. Binti aliendelea kushona. Ndipo mkwe alipokichukua kisu cha kukatia ngozi kutoka mezani, kisu kifupi, kilichonolewa miaka mingi hadi ubao wa mpini ukawa mrefu kuliko chuma. Alikinyanyua taratibu, kama anayechukua kalamu asaini, na utaratibu ule ndio uliomshtua fundi kuliko ukelele wowote. Alianza kwenda dirishani. Fundi akaingia katikati, na kisu kikaja tumboni.

Ya tano, ilisema sauti ndani ya kichwa chake.

Mwili ulifanya wenyewe. Goti halikulalamika. Kiganja cha kushoto kilisukuma, cha kulia kikadaka, kikazungusha, na kisu kikawa mkononi mwa fundi. Hapakuwa na damu. Muuguzi alikuwa ameachama. Fundi alisikia moyo wake ukisema asante, Bwana, asante, na hajafika kwenye asante ya tatu mkono wake ulikigeuza kisu, mpini mbele, ukampa mkwe.

"Tena, ndugu yangu," alisema.

Mkwe alikipokea. Ukimnyooshea mtu kitu kwa adabu namna ile, atakipokea tu. Alikitazama kisu. Akamtazama mzee. Fundi aliutazama mkono wake uliobaki wazi hewani, vidole vimekaa vizuri, kama vya mtu aliyetoa sadaka. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Mzee," muuguzi alinong'ona, "umefanya nini?"

Aliyesogea ni binti. Alitokea ubavuni mwa mumewe, kiganja kimoja juu ya mkono, kingine chini, mzunguko mmoja mfupi, na bila hata kutazama akakitupa kisu kwenye beseni. Maji ya ngozi, meusi na yenye harufu, yalirukia suruali iliyopigwa pasi.

Muuguzi alisimama, kiatu kisicho na kisigino mkononi. "Kijana, nenda," alisema. "Nenda kabla sijavaa kiatu cha pili."

Mkwe alirudi nyuma. Mlangoni aligeuka, na sauti ikawa ile ile ya chini. "Baba, niwie radhi."

Fundi alifungua mdomo. Alilisikia neno likipanda lenyewe, haya mwanangu, yameisha. Binti alikuwa anamtazama. Aliufunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakagongana, na mkwe akaondoka bila jibu.

Maji kwenye beseni yaliacha kutikisika.

"Umemrudishia," binti alisema.

"Ni mkono, mwanangu. Si mimi. Mkono wenyewe umezoea."

"Najua." Binti aliketi. "Hii ya tatu, baba."

Fundi alitaka kumwambia kisu amekirudisha mara moja tu. Alianza hata kunyoosha kidole kimoja. Kisha aliliona begi akilini, na mshikio wake, na adabu yote aliyokuwa nayo siku zile mbili, na kidole kikabaki hapo hapo. Alishuka chini kando ya beseni. Muuguzi alidhani anaokota kisu, akamsogelea haraka. Lakini fundi alikuwa amepiga magoti tu, na safari hii hakuomba lolote. Alisema tu kile alichokifanya, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa sauti, binti yake akisikia.

Kisu walikwenda nacho kituo cha polisi ndani ya beseni, muuguzi akichechemea nyuma kama shahidi. Askari wa zamu alikuwa mwandishi mwangalifu. Alifika katikati ya maelezo akasimamisha kalamu.

"Mzee, hapa sijakuelewa. Ulimnyang'anya."

"Ndiyo, afande."

"Halafu?"

"Nikamrudishia."

Askari alimtazama muuguzi. Muuguzi akaitikia kwa kichwa. "Niandike kwamba ulimpa kisu?"

"Andika."

"Mtu aliyetaka kukuua."

"Aliyetaka kumuua binti yangu. Andika hivyo hivyo nilivyosema."

Simu ya fundi ililia mfukoni. Ilikuwa ya mjomba wa mkwe, na fundi alijua kabisa atasema nini: yamalizwe kinyumbani, aje na kijana, waombe pamoja. Aliiacha ilie mpaka ikachoka. Ikaanza tena; akaizima.

Askari alimaliza, akamgeuzia karatasi na kumpa kalamu. Fundi alisoma kila mstari, akasaini chini taratibu, herufi zote za jina lake. Kisha aliifuta kalamu kwenye shati, akaigeuza kwa adabu, kitako mbele, na mkono ukaanza safari ya kuvuka meza.

Binti alikohoa.

Mkono ulisimama hewani. Askari alikuwa amekwisha kunyoosha wake, akingoja, haelewi wanachotazamana. Fundi aliirudisha kalamu upande wake, akaiweka mezani karibu na kifua chake, akaifunika kwa kiganja.

"Niwie radhi, afande," alisema. "Ifuate mwenyewe."