Aliyeachiwa Mungu

Mume wangu Yasini haogopi nyoka wala fisi. Alimwogopa mwanamke mmoja tu, jirani yetu hapa Chiola, Getruda, Mama Eliudi, ambaye mwenyewe akiona panya anapanda kitandani.

Ilianza Septemba moja. Yasini alichoma majani shambani kwake, upepo ukageuka, moto ukaingia kwenye mikorosho ya Getruda ikiwa na maua, ukaila yote. Wazee wa baraza wakaamua Yasini amlimie shamba lake msimu mzima. Getruda akasimama, akajifuta majivu kwa kanga, akasema hana haja. "Mimi nimemwachia Mungu," akasema, akaenda zake.

Neno hilo, likitoka kwa mtu aliyeumizwa, nani asiyejua maana yake? Yasini angetukanwa, angelala. Angelimishwa, angelala. Lakini kuachiwa Mungu! Tangu siku hiyo ikawa ni kusubiri. Radi ikipiga Nanganga, yeye huku Chiola anaingia uvunguni. Mbuzi akiharisha, ni Getruda. Jino likimuuma, ni Getruda.

Na Getruda mwenyewe alipanda miche mipya, akaendelea na kwaya yake, akanawiri. Kila akivuna mbaazi anatuletea bakuli. Yasini aliniamuru nizifukie nyuma ya choo. Mimi nilizipeleka kwa wifi yangu, tukazipika, tukala, na mpaka leo nipo. Lakini nisijifanye jasiri, kila nilipomeza nilisikiliza tumbo linasemaje.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka miche ya Getruda ikaanza kuzaa. Yasini alikuwa amebaki mifupa. Kichwa kikawa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Nikamwambia twende hospitali Nachingwea. Akasema dawa za hospitali haziondoi neno la mtu. Akaenda kwa mganga kule Ruangwa, naye akamwambia adui yake ni mwanamke jirani. Kazi rahisi hiyo, nani asiye na mwanamke jirani?

Asubuhi moja akashindwa kusimama. Miguu imevimba, pumzi fupi fupi. Nikajiona tayari nimekaa eda. Nikajifunga kanga, nikaenda kwa Getruda na woga wangu hivyo hivyo. Nilimkuta anapepeta ufuta.

"Mama Eliudi, nakuomba, lirudishe neno lako. Mume wangu anakufa."

"Neno gani, Mama Asmaa?"

"Ulisema umemwachia Mungu."

Akaweka ungo chini. "Nilisema hivyo? Mama wee, siku ile nilikuwa nimechoka, nataka kwenda kulala. Nilimaanisha yamekwisha. Sasa mimi ule moto ningeubeba mpaka lini?"

Hasira ikanipanda mpaka woga ukakaa pembeni. Tumeisha kwa neno ambalo mwenyewe hata halikumbuki! Nikamshika mkono, tukaja.

Yasini alipomwona mlangoni alijivuta mpaka ukutani.

"Baba Asmaa," Getruda akasema, "mimi nilikusamehe zamani."

Nilidhani atapumua. Badala yake jasho lilimtoka zaidi. "Umekuja kunisamehe leo? Kwa hiyo umeona ninakufa!" Maana kwetu husimama mtu msibani, kabla ya kuzika, akawaomba watu wamsamehe marehemu. Alijisikia yuko kwenye jeneza.

Nikamaka. "Wewe mwanamume, hukuwahi hata kumwomba radhi! Utaijuaje samahani ambayo hukuiomba?"

Nilisikia tu pumzi yake inavyokwaruza. Kisha akasema, macho chini, "Mama Eliudi, nisamehe. Siku ile upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Niliuona. Nikachoma hivyo hivyo."

Hilo hata mimi sikulijua. Getruda naye hakulijua. Uso ulimbadilika, machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza nikamwogopa kweli. Mikorosho ile ilipandwa na marehemu mumewe. Angegeuka akaondoka, nisingekuwa na la kumwambia, na Yasini asingeiona jioni.

Akajifuta kwa kiganja. "Mwenzangu, hilo limeniuma," akasema. Akavuta pumzi. "Haya. Na hilo nalo nimekusamehe. Mama Asmaa, mvalishe shati, mimi naita bodaboda."

Yasini akawekwa katikati, Getruda nyuma yake amemkumbatia asianguke, mimi nikafuata na pikipiki nyingine huku namwomba Mungu njia nzima. Daktari alipompima alitikisa kichwa. Presha, akasema, tena ya muda mrefu, imeshagusa figo. Angekuja mapema, vidonge vingemtosha. Sasa alazwe.

Nesi akaja na shuka. Akamtazama Yasini, akamtazama Getruda. "Mzee, huyu binti yako ndiye atakayebaki na wewe?"

Getruda alianza kucheka, akajizuia. Amemzidi Yasini miaka mingi. Alikuwa ameshaolewa Yasini akichunga mbuzi.

Yasini alimwangalia jirani yake, akaiangalia mikono yake mwenyewe, kisha akanigeukia mimi. "Mama Asmaa, hivi miaka yote hii nilikuwa namwogopa nani?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Nikalimeza, nikainama kumvua viatu, kwa sababu miguu ilikuwa inazidi kuvimba.