Vifuniko Viwili

Kidoti aliangalia kwenye hadubini, akaondoa jicho, akalisugua, akaangalia tena. Wapi. Kisahani B kinawaka kijani kama kioo cha simu gizani. Kisahani A, giza totoro.

Sasa hii ni nini?

Maana ilitakiwa iwe kinyume. Miezi saba yote alikuwa anazivika nguo punje za silika, madini ya mchanga, vitu vidogo hata vumbi ni jitu mbele yao, zenye rangi inayong'aa ndani. Punje tupu hung'ang'ania kila kitu, kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa hiyo unazivika koti ziache kushikashika, halafu juu ya koti unapachika ndoano za kukamata seli za saratani tu. Punje za A zilikuwa na koti na ndoano. Za B, koti peke yake. Seli za saratani kwenye visahani vyote viwili ni zilezile. A ndiyo iwake, B ilale.

"Labda ndoano zimekufa," alisema Kaka Friji, mtunza chumba cha baridi.

"Na B je? Isiyo na mikono imeshikaje?"

"Hapo umeniacha, dada."

Madam, mkuu wa maabara, anakuja saa nne. Asipopata picha ya kueleweka, hadubini inakwenda kwa kundi lingine miezi mitatu, na kazi ya Kidoti ndiyo imelala hiyo.

Akafungua simu atazame hatua alizoandika. Badala yake akakutana na picha ya jana, aliyomtumia mama yake: *ona wanangu*. Visahani viwili, wazi, sambamba. Kando, vifuniko viwili. Herufi A na B zilikuwa kwenye vifuniko.

Vifuniko tu.



"Si ndiyo hiyo," Kaka Friji akasema, akichungulia simu. "Umemvisha huyu kofia ya yule. Badilisha, tukanywe chai."

"Umejuaje nilikosea?"

"Si matokeo yamegeuka?"

"Na kama sikukosea?"



Kidoti akashika vifuniko, kimoja kila mkono. Vyepesi, yaani kama hakuna kitu. Sekunde mbili tu na kila kitu kinakuwa kizuri. Tena huenda ndiyo kweli yenyewe. Hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi: atadanganya kwa kusema kweli, au vipi?

Madam akaingia, akachungulia. "A ni ipi?"

"Sijui, Madam. Niliandika kwenye vifuniko, nikavifungua vyote nipige picha ya kumtumia mama."



"Mama alisemaje?"

"Alisema vizuri, ila mbona havina kitu."

Mdomo wa Madam ukataka kucheka, ukaghairi. "Wenzako wanaanza Jumatatu. Leo Alhamisi. Seli zinataka siku mbili. Piga hesabu mwenyewe."

Kidoti akachukua kisahani kipya, akaandika A ubavuni. Akaandika na kwenye kifuniko. Akavitazama vile vya jana, kimoja kikiwaka, kimoja giza, na mpaka sasa hajui nani ni nani.