Sifa za Kwenye Kiti cha Kinyozi

Wateja walimwita Asali, na ni kweli hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake akiwa amenuna. Kinyozi huyu alikuwa na neno tamu kwa kila kichwa. Mwenye kipara aliambiwa ana paji la mtu wa kutoa uamuzi. Mwenye kisogo kilichochongoka aliambiwa hakuna kofia itakayomkataa. Watu walijua wanavishwa kilemba cha ukoka, lakini walikivaa na wakarudi tena.

Mkewe aliuza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa pili, na huko ulimi ulikuwa mwingine. Mteja akichagua rangi mbaya, alimwambia, "Hiyo utaichukia kabla haijakauka." Alijiona mtu mkweli, asiyebembeleza wala kuhitaji kubembelezwa. Ndivyo alivyojieleza kwa kila aliyemuuliza, na kwa wengi ambao hawakumuuliza.

Siku moja alitoka kazini mapema, akapitia kwa mumewe ili warudi pamoja. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, kinyozi hakumsikia akifika mlangoni. Kwenye benchi alikaa fundi bomba akingoja zamu. Kwenye kiti alikuwapo mwanamke aliyekuja kunyoa nywele zote.

"Dada, wewe umejaliwa," kinyozi alikuwa akisema. "Una masikio yaliyotulia. Wengine wakinyoa, masikio yanapiga kelele. Yako tuli kabisa."

Mke akaganda kizingitini. Amezaa na mtu huyu, amemfulia mataulo yake miaka yote, na masikio yake hayajawahi kutajwa, hata wiki ile yalipomuuma.

Akasubiri mwanamke yule atoke. Fundi bomba alipoinuka, akamkata jicho.

"Kaa. Zamu yangu."

"Mama watoto?" kinyozi akashtuka. "Kuna nini?"

Mkewe akajitupa kwenye kiti, akamtazama kupitia kioo. "Haya. Nisifu."

"Nikusifu?"

"Kwani zimeisha? Au umemaliza zote kwa yule wa masikio?"

Fundi bomba akainamia simu yake, ingawa ilikuwa imeisha chaji.

Kinyozi akatoa tabasamu lake la kazini. "Una paji la mtu wa kutoa—"

"Hilo ni la jirani yetu. Lete lingine."

"Shingo yako sasa—"

"Shingo ulimpa mwenye nyumba wetu, na yule kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja!"

Tabasamu likafa. Kinyozi akaweka mashine mezani. "Maneno ya hapa ni kama taulo. Mtu anavishwa, anavuliwa, anakuja mwingine. Wewe unataka nini?"

"Nataka ya nyumbani. Yako wapi?"

"Nyumbani nikisema chakula kitamu, unaniuliza kwani jana kilikuwa kibaya. Nikisema umependeza, unasema nguo ni kuukuu. Nimejifunza kula kimya. Na wewe je? Nitajie siku moja tu uliyonisifu mimi."

Mke akafungua mdomo, akiamini anazo tele. Akatafuta. Siku ya harusi alimwambia suti ingemkaa vizuri kama angesimama wima. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, alisema ana bahati hakufuata pua ya baba yake. Saluni ilipofunguliwa, alisema rangi ya mlango ni kama ya choo. Yote yalikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba mtu huyu huamka kabla yake kila alfajiri kumpashia maji ya kuoga, na hiyo hakuwahi kuisema. Ikamjia kwamba huenda yeye si mkweli kiasi hicho, bali ni mchoyo tu. Wazo hilo likamuudhi kuliko masikio ya yule mwanamke.

"Nyoa," akasema.

"Ninyoe nini?"

"Zote."

"Shemeji, fikiria kwanza," fundi bomba akanong'ona.

"Wewe shughulika na mabomba yako!"

Kinyozi akawasha mashine, amevimba. Nywele zikaanguka mafungumafungu. Alipomaliza akampangusa shingo, akamwangalia kiooni.

"Yako hayajatulia hata kidogo," akasema. "La kushoto linataka kwenda zake."

Mke akageuza kichwa huku na huku. Ilikuwa kweli tupu, na alipekua hasira zake zote asipate pa kuipingia.

"Mkono wako mwepesi," akasema hatimaye, kama anayemrushia mtu jiwe. "Hata sijahisi ukinigusa."

"Hayo ni matusi au nini?"

"Sijui! Usiniulize. Ndiyo mara ya kwanza."

Akalivua taulo, akalitupa kitini, akatoka bila kumsubiri. Upepo ukamshika utosi, akatembea kwa hasira njia nzima, na waliomshangaa aliwakodolea macho mpaka wakaangalia pembeni.

Fundi bomba akakaa kitini, akajiweka sawa, akangoja. Kinyozi akamnyoa upande mmoja kimya, akahamia wa pili, na mara mbili akasimama kuutazama mkono wake mwenyewe.

"Vipi, Asali?" mteja akauliza mwishowe. "Mimi leo sina hata kidevu?"

"Tulia," kinyozi akamjibu kwa ukali. "Nitakukata."