Blanketi la Saa Kumi

Baba yake alimpachika jina la Mlinzi, kwa sababu nyumba nzima ikilala yeye yuko macho, anazunguka sebuleni akipigapiga viganja. Ana miaka saba na ana usonji. Mama yake, fundi cherehani, alikesha naye mpaka siku moja akamshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Aliicheka, kisha akalia. Alikuwa hoi.

"Achoke mchana," mtaalamu wa kliniki alishauri, "kwa mchezo anaoupenda mwenyewe."

Rahisi kusema! Mpira aliuogopa, kamba aliitupa, na mbio alikimbia mara moja tu, za kurudi nyumbani.

Kumbe mchezo ulikuwa nyumba ya pili, kwa shangazi yake, dobi. Shangazi aliloweka blanketi kwenye beseni, akageuka kuchukua sabuni, akamkuta Mlinzi yumo ndani, gauni chapachapa, anakanyaga: moja, mbili, moja, mbili. Alikanyaga saa nzima huku akicheka. Saa mbili usiku alikuwa fofofo, mpaka asubuhi.

Tangu hapo, kila saa kumi jioni yuko mlangoni kwa shangazi. Baada ya wiki mbili mtaa mzima haukuwa na blanketi chafu, ikabidi baba amwagie moja chai.

"Kaka we! Hilo si nimelifua jana?"

"Limechafuka tena," akajibu, kikombe kitupu mkononi.

Si kila usiku Mlinzi alilala, lakini mara nyingi alilala. Aliyeshindwa sasa ni mama. Mwili wake ulishasahau usingizi. Alijilaza tu, masikio mlangoni, akiinuka kila mara kumchungulia mtoto.

Jumamosi alimpeleka yeye mwenyewe, akasimama kando akipiga miayo. Mlinzi, asiyependa kushikwa na mtu, akanyoosha mkono. Mama akageuka kutazama nani anaitwa.

"Ni wewe, wifi," shangazi akasema. "Vua viatu."

Akaingia. Alipokosea hatua, Mlinzi alisimama, akamsubiri, wakaanza upya. Mama alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na furaha ile hakuwa ameionja kwa miaka.

Kesho yake saa nne asubuhi, yule mteja wa suruali alibisha hodi, akafunguliwa na baba. Akamkuta Mlinzi ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba cha wazazi, kidole mdomoni.

"Shh," akasema. "Mama analala."