Miezi Miwili ya Kutuliza Picha

...na mkono wake bado uko juu, ndege ndogo ya kamera, isiyo na rubani, imelala kiganjani, kilo mbili tu za sponji ngumu na nyaya, nyepesi kuliko mwanawe Curtis siku alipozaliwa, Delbert Haugen anangoja upepo wa jangwani ugeuke airushe, nyuma yake Renata, mwenye skrini, anasema, "Vumilia, mzee, upepo bado unatokea mgongoni," sawa, mwaka jana wakubwa kazini walitaka ndege hizi ziende Iraki upesi, ni yeye aliyekataa, mota inaitikisa kamera, alisema, nipeni miezi miwili, na hakukosea, picha ilikuwa uji mtupu, nani angemtambua mwenye bunduki ndani ya uji... "Leo picha safi, Del, naona mpaka kokoto"... safi, ndiyo, sasa, na barua ya Curtis, mwanajeshi kule Iraki, ilifika wiki ya tatu ya miezi hiyo, Baba, ile ndege yako inakuja lini, sisi huku tunachungulia kona kwa kioo cha kunyolea tulichokifunga kwenye fimbo, usimwambie mama, naye hakumwambia, wala hakumjibu Curtis, siku kumi baadaye wanajeshi wawili wakasimama mlangoni, Lorraine ana unga mikononi, akawakaribisha kahawa kabla hawajatamka neno, maskini mke wangu, Curtis ameuawa kichochoroni, walisema, hakuna aliyeona ng'ambo ya ukuta... "Del, uko sawa kweli?" "Nipo," anasema, na tangu hapo Lorraine huwaambia majirani, ndege za mume wangu zitawaokoa watoto wa wenzetu, fahari hiyo ndiyo mkongojo wake, naye Del huinamia sahani, akijiambia anaificha barua asimtoneshe kidonda, uongo, anaificha kwa kuyaogopa macho ya mkewe, ndivyo, hakuna jingine, anaogopa, na mama ana haki ya kuyasoma maneno ya mwisho ya mwanawe, hata yakimfanya amchukie aliyezaa naye, leo, kabla ya chakula, ataitoa kwenye sanduku la vifaa, atamkabidhi, hatatoka nje kujifanya anakagua gari, atakaa palepale mezani mpaka amalize kusoma, na akitaka kupiga kelele apige, akitaka kuuliza aulize... "Bado, mzee, upepo mkaidi huu," anasema Renata, "bega halijachoka?" limechoka, anamwambia, limechoka sana, lakini wangoje tu...