Si Mafuta ya Kura

Tangu Awiti azikwe, shingo ya mumewe Ogutu ilikaza kama bawaba yenye kutu, na kosa lilikuwa la serikali. Barabara mbovu, serikali. Umeme kukatika, serikali. Hata usingizi uliomkimbia, wakubwa ndio waliojua wameufungia wapi.

Ndipo binti yake Akech akamwambia wazi: Jumamosi wanakuja kumposa. Baba akipokea wakwe kwa uso huo na lawama zake, kiti chake atakikalia Wandera, baba mdogo.

Wandera! Mtu asiyekosa fulana ya chama hata kimoja.

Ogutu akajikokota hadi mtaa wa Kansanga, kibandani kwa Babra, Mganda anayeuza mafuta ya mimea. Babra akachanganya matone ya mrujuani na mchaichai ndani ya mafuta ya simsim, maana yakiwa matupu huchoma ngozi. Kisha akamkazia macho.

"Sikia, ssebo, bwana wangu. Hii si mafuta ya kura."

Nusura mzee alie. Miaka yote amepewa sabuni za kura, chumvi za kura, kisha kimya. Leo kapata kitu kisicho na mgombea nyuma yake.

Babra akamkanda. Kwanza ubaridi, halafu joto likatambaa hadi mabegani. Tangu Awiti, hakuna mkono uliogusa shingo ile. Akasinzia palepale kwenye benchi, akakoroma hadi wapita njia wakadhani jenereta imewashwa.

Akawa anajipaka kila siku. Na kwa kuyaamini, kila asubuhi akatia tone moja kwenye chai.

Jumamosi alikaa kitini pake, shingo inageuka kama ya bundi, akiwatania wakwe. Walipomuuliza siri ya uchangamfu wake, akasimama.

"Ni mafuta ya huyu Babra. Na alinihakikishia si ya kura."

Babra, aliyealikwa na mzee, sahani ya matoke mkononi, akaduwaa. "Kura ya debe? Mimi nilisema ya kura. Ya kutia mdomoni!" Kumbe ulimi wake wa Kiganda ulikuwa umegeuza l kuwa r.

Ogutu akaikumbuka chai. Akacheua, na mchaichai ukanukia ukumbi mzima.

"Kumbe," akasema Wandera, "nilidhani kuna bustani hapa."

Wakwe wakaangua kicheko. Ogutu naye akacheka mpaka akashikilia kiti, kiti chake.

"Kosa la serikali," akasema akijifuta machozi. "Ndio waliotufundisha kwamba kura na kula ni kitu kimoja."

Akech, aliyekataza lawama, ndiye aliyecheka zaidi.