Ukali wa Asili

Wakubwa wa mji wetu waliamua kwamba Jumamosi tutafurahi. Tangazo walilibandika mpaka kwenye mlango wa choo cha soko: Siku ya Kula na Kunywa Vyetu, wananchi wote mnakaribishwa. Vyetu vipi? Hao hao ndio walioleta tingatinga kuvunja kibanda cha marehemu mke wangu, alichopikia maharage miaka kumi na tisa nje ya karakana ya mbao. Walisema kinachafua mji. Akahamia kuuza juani, kando ya mtaro, na mwaka haukuisha nikamzika. Sasa wamekumbuka kwamba tuna vyetu.

Nisingekwenda, ila binti yangu alikuwa amejiandikisha. Sokoni wamejenga vibanda sita vya matofali, na walisema atakayempendeza mgeni rasmi kwa chakula chake atapewa kimoja.

"Na vile vitano?" nikamuuliza.

"Vina wenyewe, baba," akasema, macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

Hakuwa na pengine pa kuuzia. Yeye ni beseni kichwani kutwa nzima, na miguu imeshaanza kuvimba kama ya mama yake.

Saa moja asubuhi tukafikisha sufuria uwanjani, inatoa mvuke. Maharage yameiva yakalegea, mchuzi mzito, kitunguu kimekaangwa kikabadilika rangi, vile mama yake alivyomfundisha. Mlangoni tukamkuta afisa wa afya, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Watu wakambandika jina Bwana Selotepu palepale, maana kila sufuria aliifunika plastiki, akaizungushia selotepu pana, akapiga mhuri juu.

"Kwa usalama wa mlaji," akasema. "Haifunguliwi mpaka mgeni rasmi afike."

"Anafika saa ngapi?"

"Saa tatu, mzee wangu."

Jirani yangu, fundi baiskeli, akachekea puani. "Saa tatu ya siku gani?"

Basi tukaanza kustarehe. Kustarehe kwenyewe ni kukaa kwenye viti vya plastiki na kutazama sufuria zilizofungwa. Juisi ya machungwa nayo ilikuwa kwenye ndoo zenye mhuri, inachemka bila moto. Spika ikatusifia chakula chetu ambacho hatujala. Saa saba mchana, jua likiwa limekaa juu ya mahema, nikaona plastiki ya sufuria ya binti yangu imetuna kama shavu la mpiga tarumbeta.

"Mwanangu, hayo yanachacha. Niyafungue watu wale."

"Ukigusa ule mhuri, baba, kibanda kimekwenda."

"Mama yako angeona aibu."

"Mama alikufa akiuza mtaroni," akasema. "Kaa chini, baba."

Nikakaa. Nimeshagombana na watendaji watatu, mwenyekiti mmoja na mkusanya ushuru, wote niliwajibu. Huyu nikamtii.

Mgeni rasmi akafika saa kumi kasoro, magari manne na maji yake ya chupa. Akahutubia dakika arobaini jinsi tunavyopaswa kujivunia vya kwetu, kisha akashika kijiko. Bwana Selotepu akakata selotepu ya binti yangu, sufuria ikashusha pumzi. Fundi baiskeli akageuza uso. Juu kulikuwa na povu. Binti yangu alikamata ukingo wa meza kama mtu anayeogopa itapaa.

Mgeni akatia kijiko kinywani. Mpiga picha alikuwa mbele ya pua yake, kutema haiwezekani. Akameza.

"Hii," akasema, machozi yakimlengalenga, "ndiyo ladha yetu ya asili. Ina ukali fulani. Bibi yangu alipika hivi hivi."

Pole kwa babu yake.

Wakubwa wa nyuma wakachota nao. "Ukali," akasema mmoja. "Ukali wa kwetu," akasema mwenzake, akitafuta maji. Hakuna aliyethubutu kusema yamechacha, maana waliofunga ni wao. Wakapiga makofi, hakuna aliyetaka kuonja sufuria ya pili, binti yangu akakabidhiwa ufunguo na cheti cha kulinda ladha ya asili. Sisi wananchi tukaruhusiwa kula saa kumi na moja. Fundi baiskeli akaonja juisi, akasema sasa anaelewa wanachokunywa kabla ya kupanga mipango yao.

Jumatatu binti yangu akafungua kibanda. Alipika yale yenyewe, ya mama yake, na watu wakapanga foleni. Alhamisi Bwana Selotepu akaja na wenzake wawili kukagua. Akaonja, akakunja uso.

"Dada, hii siyo ladha ile. Ulipewa kibanda kwa ladha ile. Ukibadilisha, tunampa mwingine."

Nikainuka, maneno yameshanifika kooni. Binti yangu akaniwahi.

"Samahani bosi, leo nimekosea. Kesho mtayakuta."

Tangu hapo anapika sufuria mbili. Kubwa inaiva asubuhi, ya watu. Ndogo inashinda juani nyuma ya kibanda, imefungwa plastiki tangu jana yake. Wakubwa wakija wanapakuliwa hiyo, wanafuta jasho na kusifia asili yao. Sahani nawapelekea mimi mwenyewe, kwa adabu zote, na nikiona mtu anaanza kusukuma yake pembeni, namwongezea.